Dan Crawford wa Luanza, na swali la nani anatolewa dhabihu



Kila mwaka, Pasaka inapokaribia, na tena majirani zetu Waislamu wanapoanza kununua kondoo na mbuzi za Idi, swali moja hurudi katika vikundi vyetu vya maombi. Wayahudi walichinja. Waislamu wanachinja. Babu zetu walichinja. Sisi tunasema damu ya Yesu inatosha. Tunamaanisha nini hasa? Na kama inatosha, mbona bado katikati yetu kuna watu wanaoambiwa walete mbuzi, fedha, au hata wamfukuze mtoto, ili mambo ya nyumba yaende vizuri?

Tumeona vema kulijibu kupitia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake wazee wa makanisa ya Garenganze wanalijua tangu utoto: Dan Crawford, aliyeitwa na watu wa huku Konga Vantu, yaani mkusanyaji wa watu. Hatumletei sifa za bure. Alikuwa mwanadamu mwenye makosa, na tutayataja. Lakini aliishi miaka mingi katika nchi ambamo swali la dhabihu halikuwa la vitabu. Lilikuwa la watu kufa na kupona.

Kijana wa Gourock

Dan Crawford alizaliwa tarehe 7 Desemba 1870 huko Gourock, mji mdogo wa bandari katika Scotland, kando ya mto Clyde. Baba yake alikuwa nahodha wa merikebu. Alikufa Dan akiwa bado mtoto mdogo, na mama akabaki kuwalea watoto katika maisha ya kubana. Kijana mwenyewe hakuwa na afya nzuri. Mapafu yake yalikuwa dhaifu, na wengi hawakumtazamia maisha marefu.

Mwaka 1887, akiwa na miaka 16, aliokoka na kujiunga na wale Ndugu wasio na maaskofu wala mishahara ya kanisa, ambao huketi Jumapili kuzunguka mkate na kikombe. Kwa watu hao, jambo la kwanza katika imani lilikuwa msalaba: kwamba Kristo alijitoa mara moja, na hakuna mtu anayeweza kuongeza kitu juu yake. Mafundisho hayo ndiyo aliyoyabeba kuja Afrika.

Kabla yake alikuwa ametangulia Mskoti mwingine, Frederick Stanley Arnot, aliyeingia Bunkeya mwezi wa Februari 1886. Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa mfalme Msiri, Mnyamwezi aliyetoka upande wa Tanzania ya leo akifuata njia ya biashara ya shaba, akajijengea ufalme wa Wayeke juu ya nchi ya Garenganze, ambayo leo tunaiita Katanga. Arnot aliporudi kwao kutafuta wasaidizi, Crawford alikuwa miongoni mwa waliofuatana naye mwaka 1889. Alikuwa na miaka 18 tu. Walipita Angola kwa miguu, na baadhi yao walikufa kwa homa njiani. Crawford, yule mwenye mapafu mabovu, alifika Bunkeya mwishoni mwa mwaka 1890.

Bunkeya: wadogo kwa ajili ya wakubwa

Aliyoyakuta Bunkeya yalimwandama maisha yake yote. Mji ulikuwa mkubwa, wenye watu wa makabila mengi, pembe za ndovu, shaba, chumvi, bunduki na watumwa. Misafara ilitoka pwani zote mbili: upande wa Benguela katika Angola, na upande wa Zanzibar. Kwa hiyo Waislamu wa pwani na Wakristo wa Ulaya walikutana kwenye baraza moja la mfalme. Kuzunguka boma la Msiri, juu ya miti, kulikuwa na mafuvu ya watu. Hilo limeandikwa na wageni zaidi ya mmoja.

Tuseme kweli bila kuwatukana babu zetu. Ibada ya kila siku ya watu wa kawaida haikuwa hivyo. Mwenye nyumba aliweka unga, akamwaga pombe, akachinja kuku, akajipaka pemba nyeupe, akawaita waliomtangulia. Alitaka mvua, uzazi na amani. Lakini juu ya ibada hiyo ya nyumbani kulikuwa na nyingine, ya watawala. Mkubwa alipokufa, katika nchi hii kulikuwa na desturi ya kuwazika pamoja naye watu walio hai: mtumwa, au mke, ili asiende peke yake. Crawford aliandika juu ya jambo hilo kwa uchungu mwingi. Hakuna aliyemuuliza mtumwa kama anakubali. Mdogo alitolewa ili mkubwa apumzike.

Hapo ndipo tunapoona shina la jambo lenyewe. Katika kila dhabihu kuna swali: nani anamtoa nani, na kwa ajili ya nani? Bunkeya, jibu lilikuwa wazi. Mwenye nguvu alimtoa asiye na nguvu, kwa ajili ya mwenye nguvu.

Bula Matari afika

Mwaka 1891 mambo yaligeuka haraka. Wasanga waliasi dhidi ya Msiri. Njaa ikaingia. Watu wa Dola Huru ya Kongo, ile ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, wakaweka kituo chao cha kwanza kando ya mto Lofoi. Mwezi wa Desemba ukafika msafara wa Stairs kutaka Msiri akubali bendera. Hapakuwa na mapatano. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na ofisa Bodson, na Bodson naye akauawa palepale. Kisha watu wa msafara wakakikata kichwa cha mfalme na kukitundika juu ya mti. Hivyo yule aliyepamba boma lake kwa vichwa vya watu, kichwa chake kikafanyiwa vilevile na watu waliosema wameleta ustaarabu.

Baada ya hayo Bunkeya ulitawanyika. Mukanda-Bantu, mwana wa Msiri aliyerithi kiti, alikaa miaka mingi upande wa Lofoi. Crawford na wenzake nao wakaendelea na kazi upande huo, chini ya milima ya Kundelungu. Ndiyo nchi ya Lukafu tunayoijua leo, kaskazini mwa Lubumbashi, ambako kituo cha serikali kilihamishiwa baadaye. Wakati ule Lubumbashi haukuwapo bado. Lofoi na Lukafu ndipo amri zilipotokea.

Na hapo tunapaswa kusema jambo ambalo hadithi za wamisionari mara nyingi hulipita haraka. Bula Matari naye alikuwa na madhabahu yake. Alidai wapagazi, chakula, pembe na mpira. Watu walikufa njiani wakiwa na mizigo kichwani kwa ajili ya utajiri ambao hawakuuona kamwe. Wanahistoria wamewauliza wamisionari wa Garenganze swali gumu: je, kuwapo kwao hakukufungua mlango kwa watawala hao? Swali hilo ni la haki. Crawford mwenyewe aliishi karibu na maofisa, akahitaji ruhusa na ulinzi wao. Hata kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1912, ambamo aliwataka Wazungu wajifunze kufikiri kama Waafrika, kina maneno ambayo sisi wajukuu hatuwezi kuyasoma bila kukunja uso. Mtu anaweza kuhubiri msalaba vizuri na bado asione waliosulubiwa karibu naye.

Luanza: watu waliokusanyika

Hata hivyo matendo yake yalizidi maneno yake. Vita na njaa viliwaacha watu wengi bila kwao: watumwa waliotoroka, wajane, mayatima, watu wa vijiji vilivyochomwa. Walimfuata Crawford, naye hakuwafukuza. Ndiyo maana wakamwita Konga Vantu. Katikati ya miaka ya 1890 alihama pamoja nao hadi Luanza, juu ya genge linalotazama ziwa Mweru. Mwaka 1896 alifunga ndoa na Grace Tilsley huko Blantyre, Malawi ya leo, na pamoja wakajenga mji wenye shule na nyumba ya ibada.

Fikirini watu hao walikuwa akina nani. Wengi wao walikuwa wa aina ile iliyokuwa ikishuka kaburini pamoja na mabwana. Sasa waliketi kwenye benchi, wakijifunza kusoma. Na walichosoma ni habari ya Bwana aliyeshuka kaburini kwa ajili ya watumwa. Kwa maskini wa Garenganze hilo halikuwa fundisho dogo. Lilikuwa dunia iliyogeuzwa juu chini.

Crawford alikaa miaka 22 bila kurudi kwao hata mara moja. Alipokwenda Ulaya mwaka 1911 na kupita nchi nyingi akihubiri, wengi walidhani atabaki huko. Alirudi Luanza.

Kitabu cha Walawi kando ya ziwa

Kazi yake kubwa ilikuwa kutafsiri Biblia katika lugha ya Kiluba cha Wasanga. Alianza na Agano Jipya, kisha kwa miaka mingi akaliendea Agano la Kale. Alijifunza lugha akiketi na wazee, akisikiliza mazungumzo yao jioni, kwa maana aliamini kwamba lugha haipatikani mezani peke yake.

Wengi wetu tukifika Walawi tunaruka kurasa. Mtafsiri hawezi kuruka. Sura saba za kwanza zinapanga sadaka tano: ya kuteketezwa, ya unga, ya amani, ya dhambi na ya hatia. Sura ya 16 inaeleza siku ya upatanisho, na mbuzi wawili: mmoja anachinjwa, mwingine anapelekwa jangwani akiwa amebeba uovu wa watu. Kila neno linahitaji neno la nchi. Na hapo ndipo ugumu unapokuja.

Katika lugha za jamii ya Kiluba na za jirani zake kuna neno mulambu. Ni zawadi inayopelekwa mbele ya Mungu au mizimu. Lakini pia ni kodi inayopelekwa kwa mfalme. Yeyote anayetafsiri sadaka katika nchi hii hukutana na neno hilo au ndugu zake, na lazima ajiulize: msikilizaji atasikia nini? Je, Mungu ni kama Msiri, anayetaka fungu lake ili atuache salama?

Lugha ya Kiebrania yenyewe inatoa njia nyingine. Neno lao la jumla la sadaka, korbani, linatoka katika shina linalomaanisha kukaribia. Mwenye kuleta sadaka hakuja kulipa ushuru ili aachwe. Alikuja ili asogee karibu. Na Walawi yenyewe inaonyesha hivyo: asiyeweza kuleta mwana-kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na asiyeweza hata hao alete unga kidogo. Msiri hakushusha kodi namna hiyo kwa sababu mtu ni maskini. Mungu wa Walawi alishusha.

Mlima mmoja, nyumba tatu

Dini tatu zinatazama mlima mmoja: Ibrahimu akiwa na mwanawe na kisu, kisha kondoo dume aliyenaswa kichakani. Mwanzo 22 inamtaja Isaka. Qurani haitaji jina la mwana katika habari hiyo, na Waislamu wengi husema ni Ismaili. Tusigombane juu ya jina hata tukasahau jambo lenyewe. Katika nyumba zote tatu habari inaishia mahali pamoja: mtoto anarudi nyumbani akiwa hai. Mungu hakutaka damu ya mtoto.

Wayahudi waliendelea kuchinja hekaluni Yerusalemu mpaka Warumi walipolibomoa mwaka 70. Tangu hapo hawachinji tena dhabihu. Walimu wao walifundisha kwamba sala, toba na matendo ya rehema yanashika nafasi ile, kama manabii Hosea na Isaya walivyokwisha kusema zamani kwamba Mungu hafurahii moshi wa mafuta mahali ambapo maskini anaonewa. Katika mwaka mpya wao bado wanapuliza pembe ya kondoo dume, na wengi humkumbuka yule wa mlimani. Lubumbashi yetu ina sinagogi tangu wakati wa Wabelgiji, iliyojengwa na Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes. Wengine wetu hupita mbele yake bila kujua kwamba waliosali ndani walisoma Walawi ileile.

Waislamu huchinja siku ya 10 ya mwezi wa hija. Mnyama awe mzima, bila kilema, na jina la Mungu litajwe juu yake. Kisha nyama hugawanywa, na wengi hufuata desturi ya mafungu matatu: ya nyumba, ya ndugu na majirani, ya maskini. Kitabu chao kinafundisha waziwazi kwamba nyama na damu havimfikii Mungu. Kinachomfikia ni uchaji wa moyo. Kwao kuchinja ni utii na shukrani, si kununua msamaha kwa damu.

Sisi tunaamini kwamba yule mwana-kondoo wa mlimani alikuwa kivuli. Waraka kwa Waebrania, sura ya 9 na ya 10, unasema kwamba makuhani walisimama kila siku wakitoa dhabihu zilezile, lakini Kristo alijitoa mara moja, kisha akaketi. Kuhani anaketi kwa sababu kazi imekwisha. Ndugu zetu Wakatoliki husema juu ya Misa kama sadaka, wakimaanisha kwamba sadaka ileile ya Kristo inaletwa mbele yetu. Sisi Waprotestanti tunakula mkate na kunywa kikombe kwa ukumbusho na ushirika. Lakini wote tunakiri kwamba Kalvari haikurudiwa.

Na hapa jibu la lile swali la Bunkeya linageuka. Nani anamtoa nani? Msalabani, Mkuu hakumtoa mdogo. Alijitoa mwenyewe kwa ajili ya wadogo. Hakuna mfalme wa Garenganze, wala wa Ubelgiji, aliyewahi kufanya hivyo.

Na nyama ya Idi? Swali hilo tunaulizwa kila mwaka. Paulo alikutana na jambo karibu na hilo huko Korintho na Roma. Jirani anapokuletea sahani kwa upendo, ukaipokea kwa shukrani, hujaukana msalaba. Dhamiri yako ikikataa, usile, lakini usimdharau anayekula, wala usimtukane aliyeleta. Mara nyingi sahani ile ndiyo mlango pekee ulio wazi kati ya nyumba mbili.

Kafara ya siku zetu

Kiswahili chetu kimebeba neno moja kutoka nyumba hizo za zamani: kafara. Ni ndugu wa neno la Kiarabu la malipo ya kosa, na ndugu wa jina la Kiebrania la siku ya upatanisho, Kippur. Neno la msamaha. Lakini mitaani, kuanzia Kasenga hadi Bukavu, tunalisikia vipi? Tunasikia kwamba fulani amemtoa mtu kafara ili apate utajiri. Mgodi ukiporomoka, watu wananong'ona kwamba tajiri amelisha shimo. Hatusemi kwamba minong'ono hiyo ni ya kweli. Uongo mwingi umeua watu wasio na hatia. Lakini tazameni jinsi neno la rehema lilivyorudi Bunkeya: mdogo kwa ajili ya mkubwa.

Na kuna mambo ambayo si minong'ono. Watoto wanashuka mashimoni kuchimba madini ambayo hawatayanunua kamwe. Wakubwa wanayauza. Watoto wengine wanaitwa wachawi na jamaa zao, mara nyingine mbele ya mchungaji, kwa sababu baba amepoteza kazi au mama hashiki mimba. Wanafungwa, wananyimwa chakula, wanatupwa barabarani. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kumshtaki mtoto kwa uchawi. Lakini sisi tulikuwa na sheria ya zamani kuliko hiyo. Mwanzo 22 ilitosha. Nyumba inayomtupa mtoto ili ipate baraka imepanda mlima wa Ibrahimu na kukataa kumwona kondoo dume.

Tena kuna wahubiri wanaosema damu ya Yesu inatosha wakati wa kuimba, kisha baada ya ibada wanadai fedha kwa mjane ili laana ivunjike. Wanaiita mbegu au dhabihu. Hiyo si korbani ya kukaribia. Ni mulambu wa mfalme. Matoleo ya kanisa ni mema. Yanalisha watumishi, yanajenga shule, yanasaidia wagonjwa. Lakini matoleo ni shukrani ya waliokwisha kukombolewa. Siku tunapoyafanya bei ya kukombolewa, tumelijenga upya boma la Msiri, ila mafuvu tumeyaficha.

Mwisho wa Konga Vantu

Crawford alizeeka Luanza akitafsiri. Katika miaka yake ya mwisho aliikamilisha kazi ya Agano la Kale, na Biblia nzima ilichapwa baada ya yeye kufa. Mwishoni mwa Mei 1926, usiku, aligonga mkono kwenye ubao wa rafu. Lilikuwa jeraha dogo, la kupuuzwa. Dawa tunazozipata leo katika kila kituo cha afya hazikuwapo. Sumu ikaingia katika damu, na tarehe 3 Juni 1926 akafa, akiwa na miaka 55.

Alizikwa Luanza, kati ya watu aliowakusanya. Tunapolifikiria kaburi lile tunakumbuka jambo moja. Miaka 40 kabla yake, mkubwa wa nchi alipozikwa, watu wadogo walitetemeka wakijiuliza nani ataitwa kumsindikiza. Crawford alipozikwa, wajane na waliokuwa watumwa hawakuwa na hofu hiyo. Walilia, wakaimba, wakarudi majumbani kwao wakiwa hai. Watoto wao walikwenda shuleni. Kwa maoni yetu, mahubiri makubwa ya maisha yake ni hayo, kuliko kitabu chake.

Basi, wapendwa, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, someni Walawi 16 na Waebrania 10 pamoja katika vikundi vyenu, polepole, mkiyatafuta maneno ya lugha za nyumbani kwenu, mkiulizana kila neno linasikika vipi masikioni mwa mama asiyejua kusoma. Pili, kila kutaniko lijiulize bila woga: katika maamuzi yetu, nani analipa? Kama kila mara anayelipa ni mtoto, mjane au mgeni, tumekosea madhabahu. Tatu, kama kuna mtoto katika mtaa wenu aliyeitwa mchawi, wazee wa kanisa waende nyumbani kwake wiki hii, si mwezi ujao, wakae na jamaa yake, na ikibidi wampe pa kulala.

Bwana aliyejitoa mwenyewe, wala hakumtoa mtu mwingine mahali pake, awabariki na kuwalinda. Yeye ameketi, nasi tusimame kuwatetea wadogo wake. Amina.